Maziwa Matatu na Jani la Tumbaku

Ramani waliyofika nayo wapelelezi Richard Burton na John Speke mjini Tabora, Novemba 1857, ilikuwa na ziwa moja tu. Lilikuwa ziwa la kutisha kwa ukubwa, limelala katikati ya Afrika Mashariki kama konokono aliyevuliwa nyumba, limeanzia karibu na ikweta na kushuka hadi Nyasa. Wachoraji wake, wamisionari Erhardt na Rebmann, hawakuwa wameliona. Walikaa pwani wakawauliza wasafiri wa misafara, na kila msafiri akawaeleza maji aliyoyakuta mwisho wa njia yake. Aliyepita njia ya kusini alikuta maji, aliyepita njia ya kati alikuta maji, na wa njia ya kaskazini vilevile. Wamisionari wakayaunganisha maji yote yakawa ziwa moja.

Aliyewasahihisha ni Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Omani aliyekuwa mwenyeji wa Burton na Speke hapo Tabora, mahali walipopaita Kaze. Hakuwa na dira wala kipimo cha nyota. Aliwaambia tu kwamba wamisionari wamechanganya mambo: Nyasa ni ziwa peke yake, ziwa la Ujiji peke yake, na la Ukerewe, ambalo ni kubwa kuliko la Ujiji, nalo peke yake. Aliyajua hayo kwa sababu bidhaa zake na watu wake walipita huko. Agosti 1858 Speke, akifuatana na msaidizi wake Sidi Mubarak Bombay, alifika Mwanza akayaona maji ya ziwa hilo la Ukerewe, yaani Nyanza, kwa macho yake. Doa moja kwenye karatasi likawa maziwa matatu.

Mtendeni, mtaa wa Tabora ambao jina lake bado limebeba mti wa tende, ni sehemu ya mji huo wa habari. Njia ya misafara iligawanyika hapa Tabora: mkono mmoja ukashika magharibi kwenda Ujiji, mwingine ukapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Pembe, shanga, chumvi na masimulizi ya nchi za mbali vililala hapa kabla havijaendelea na safari. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo hiyo ndio waliokuwa ramani yenyewe, na wachora ramani waliwategemea wao.

Miaka 120 hivi baada ya mazungumzo yale ya Kaze, kosa la aina ile ile, la kuchora ziwa moja pasipo na moja, lilisahihishwa mahali pengine pa ndani kabisa: kwenye kilindi cha ubongo wa binadamu.

Chini ya gamba lenye mikunjo, lile ambalo kila mwanafunzi amelizoea katika picha za vitabu vya baiolojia, kuna mafungu ya seli za neva yaliyofichika. Mojawapo huitwa striatamu. Hapo mwendo wa mwili hupangwa, mazoea hujengeka, na raha ya kupata kitu huwekewa alama ili mtu akirudie tena. Mpagazi aliyeipita njia ya Ujiji mara kumi, miguu ikimpeleka huku mawazo yakiwa kwa watoto wake, alikuwa akipelekwa na striatamu. Anayenyoosha mkono kutafuta sigara kabla hata hajaamka vizuri anapelekwa na hiyo hiyo.

Kwa rangi za kawaida za maabara, striatamu huonekana chini ya darubini kama uwanda usio na mipaka. Seli zimetapakaa, hazina matabaka kama yale ya gamba la ubongo. Walioichora walichora walichokiona: eneo moja, sare.

Hapo ndipo vimeng'enya vinapoingia. Kimeng'enya ni protini yenye kazi yake maalumu, hukata au kuunga kemikali fulani kwa kasi ambayo bila yake isingewezekana. Aliyewahi kutafuna muhogo taratibu mpaka ukaanza kuwa mtamu mdomoni amekwisha kuonja kazi ya kimeng'enya cha mate. Ubongoni kuna kimoja kiitwacho asetilikolinesterasi. Seli za neva hupelekeana ujumbe kwa kemikali ya asetilikolini, na ujumbe ukishapokewa lazima ufutwe mara moja, la sivyo mlango hubaki wazi na neva ikaendelea kushtuka bila kupumzika. Molekuli moja ya kimeng'enya hiki hufuta maelfu ya molekuli za ujumbe kwa sekunde moja.

Mwaka 1949 George Koelle na Jonas Friedenwald walibuni namna ya kukiona kikiwa kazini. Walichukua kipande chembamba cha nyama ya mwili, wakakiloweka katika maji yenye kemikali inayofanana na asetilikolini pamoja na chumvi ya shaba. Palipo na kimeng'enya, kemikali ile hukatwa. Mabaki yake hushikana na shaba, kisha doa la kahawia huganda papo hapo. Palipo na kazi pana rangi, pasipo na kazi hubaki peupe. Tofauti yake na rangi za zamani ni kubwa: zile zilionyesha umbo, hii ilionyesha shughuli. Ni kama kuacha kuchora kuta za soko ukaanza kuchora mahali pesa zinapobadilishana mikono.

Ann Graybiel na Clifton Ragsdale, wakiwa MIT nchini Marekani, walitumia mbinu ya jamii hiyo kwenye striatamu ya binadamu, ya tumbili na ya paka, wakachapisha matokeo mwaka 1978. Uwanda sare ukavunjika. Ilitokea bahari ya kahawia, na ndani yake visiwa vyeupe vyenye upana wa nusu milimita hivi, vingine vimeungana kama vijito. Visiwa hivyo vikaja kuitwa straiosomu, na imejulikana kwamba vina mawasiliano yake na sehemu nyingine za ubongo, tofauti na ya bahari inayovizunguka. Vilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza nani anafanya kazi wapi.

Ila nyama ile ilikuwa ya maiti. Kimeng'enya cha mtu anayepumua, anayekula, anayevuta sigara, kilibaki gizani.

Joanna Fowler, mkemia wa maabara ya taifa ya Brookhaven katika jimbo la New York, alikuwa miongoni mwa waliowasha taa. Mwaka 1987 yeye na wenzake walichapisha ramani ya vimeng'enya viwili ndani ya ubongo wa watu walio hai: monoamini oksidesi A na ndugu yake B. Kazi ya ndugu hawa ni kuvunjavunja dopamini na kemikali za ukoo wake zikishamaliza shughuli. Wanasayansi walitega mtego. Kuna dawa iitwayo deprenili ambayo monoamini oksidesi B huipokea kama inavyopokea kemikali nyingine, ikaanza kuikata, na katikati ya kazi hiyo dawa ikaing'ang'ania isiachie tena. Walitengeneza deprenili yenye kaboni-11, aina ya kaboni yenye mnunurisho, wakamdunga mtu kiasi kidogo mno mshipani. Kila atomu ya kaboni-11 inapooza hutoa chembe iitwayo positroni. Chembe hiyo haifiki mbali, hukutana na elektroni, zote mbili zikatoweka na kuacha miali miwili inayokimbia kuelekea pande zinazopingana. Mashine ya PET, iliyomzunguka mtu kichwani kama pete, hunasa miali hiyo na kukokotoa ilikotoka. Striatamu, thalamasi na shina la ubongo viling'aa.

Kaboni-11 haisubiri mtu. Kila baada ya dakika 20 hivi nusu yake imekwisha. Msafara wa Burton ulichukua zaidi ya miezi minne kutoka pwani mpaka Tabora. Mpagazi aliyeshika mwendo wa kawaida, kwa dakika 20 asingetoka Mtendeni akafika Kwihara, kwenye tembe alikokaa Livingstone mwaka 1872. Kwa hiyo kaboni hiyo hutengenezwa kwa mashine ya saiklotroni iliyo jirani na kitanda cha mgonjwa, wanakemia wakafanya kazi yao mbiombio, na dawa ikapelekwa ikiwa bado ina uhai. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ina saiklotroni yake. Lakini kaboni-11 ikipakiwa ndegeni kutoka Nairobi kuja Tabora, baada ya saa mbili hubaki chini ya sehemu moja kati ya hamsini. Ramani za aina hii huchorwa palipo na mashine, na watu wanaochorwa ni wale wanaoishi karibu nayo.

Kuna jambo moja katika kazi ya Brookhaven linalostahili kusimuliwa polepole. Deprenili ya mwanzo ilinaswa haraka mno. Sehemu zenye kimeng'enya kingi ziliinasa yote iliyoletwa na damu, hata ramani ikawa inaonyesha damu inavyotiririka kuliko kimeng'enya kilivyo. Walichofanya ni kubadilisha atomu za haidrojeni mahali mahususi katika molekuli, wakaweka haidrojeni nzito, ambayo kifungo chake ni kigumu zaidi kukatwa. Kazi ya kimeng'enya ikapungua kasi, na hapo ndipo tofauti kati ya sehemu yenye kingi na yenye kichache ikaonekana sawasawa. Walimpunguza mpagazi mwendo ili waweze kuona kila kituo anapotua mzigo.

Kwa chombo hicho ndipo ulipokuja uvumbuzi unaoigusa Tabora moja kwa moja.

Mwaka 1996, kwenye jarida la Nature, kundi hilo lilitangaza kwamba monoamini oksidesi B katika ubongo wa wavuta sigara ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 kuliko ya wasiovuta. Waliokuwa wameacha sigara walilingana na wasiovuta. Nikotini haikuwa mhusika. Kiasi kinachopatikana mwilini mwa mvutaji hakikizuii kimeng'enya hicho. Kuna kemikali nyingine ndani ya moshi wa tumbaku zinazokifunga mikono, na dopamini ambayo ingevunjwa ikabaki ikizunguka. Huenda hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya sigara kuwa ngumu kuacha kuliko nikotini peke yake. Kundi hilo hilo lilikuwa limepima pia, kwa watu waliotumia deprenili kama dawa kisha wakaacha, muda unaohitajika ubongo ujitengenezee kimeng'enya kipya. Nusu ya kilichopotea hurudi kwa siku 40 hivi. Arobaini ya Waswahili ni siku za mzazi kukaa ndani na siku za msiba kuhitimishwa, muda ambao mwili na nyumba hupewa ili virudi kwenye hali yake. Anayeacha sigara naye anahitaji kuhesabiwa arobaini yake na walio karibu naye, tena zaidi ya moja, badala ya kusimangwa wiki ya kwanza anapotetereka.

Tumbaku hiyo hulimwa wapi? Sehemu yake hulimwa hapa. Urambo, magharibi ya mji, ilikuwa miongoni mwa maeneo matatu ya mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 ukiwa umekula fedha na matrekta bila kuleta karanga za maana. Tumbaku ya Virginia ikachukua nafasi. Tabora ikawa kitovu cha zao hilo nchini, kutoka Urambo na Kaliua hadi Sikonge na Uyui.

Mkono wa mchumaji wa tumbaku huwa mweusi kabla ya saa nne asubuhi. Jani lina utomvu unaonata kama asali iliyomwagika, ukikauka unageuka rangi ya lami, na sabuni ya mche haiutoi kwa mara moja. Majani huchumwa kutoka chini kwenda juu, yale yaliyokomaa tu, yakakumbatiwa kifuani, yakafungwa kwenye fito na kuingizwa kwenye bani. Huko moto wa kuni za miombo hukesha siku kadhaa, joto likipandishwa hatua kwa hatua mpaka jani la kijani liwe la dhahabu. Uchumaji huangukia masika. Asubuhi majani yana umande au maji ya mvua. Nikotini huyeyuka katika maji hayo ikapenya ngozi ya mikono na nguo zilizoloa. Mtu ambaye hajavuta sigara hata moja maishani hushikwa na kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kichwa kuuma. Madaktari wanaufahamu ugonjwa huu wa tumbaku mbichi, nao ni rahisi kudhaniwa malaria katika nchi ambayo kila homa na kila kichefuchefu hushukiwa hivyo.

Nikotini hufungua milango ile ile ya neva inayofunguliwa na asetilikolini. Ubaya ni kwamba asetilikolinesterasi haiwezi kuikata. Mfutaji wa ujumbe amesimama mlangoni na ujumbe huu haumhusu.

Kisha kuna dawa za wadudu. Baadhi ya viuatilifu vinavyotumika mashambani, vile vya kundi la oganofosfati, vilibuniwa vimkabe mfutaji huyo mwenyewe. Mdudu hufa kwa sababu asetilikolini inamjaa neva zote. Kimeng'enya cha mdudu na cha mwanadamu vinafanana kiasi kwamba sumu haibagui: mate hutiririka, jasho hutoka, mboni husinyaa, misuli hucheza yenyewe, pumzi huwa nzito, na sumu ikizidi mtu hufa. Kwa kiasi kidogo kinachorudiwarudiwa, bomba likiwa mgongoni linavuja na mvaaji hana glavu, dalili huwa za kawaida mno kiasi kwamba mtu hawezi kuzitilia shaka: uchovu, kichwa, usingizi mbaya.

Kwa hiyo jani moja linagusa vimeng'enya viwili, katika watu wawili wasioonana. Anayelivuta, monoamini oksidesi yake imepimwa, imechorwa na kuchapishwa kwa rangi nyekundu na njano katika majarida ya dunia. Anayelilima, asetilikolinesterasi yake inastahili uangalifu ule ule, na haki ya kwanza ni yake, maana anaguswa na jani likiwa bichi, likiwa na umande na dawa juu yake. Kuchora ncha moja ya njia ya msafara na kuiacha nyingine tupu ni kurudi kwenye karatasi ya Erhardt na Rebmann.

Hakuna haja ya kungoja saiklotroni ijengwe Tabora. Asetilikolinesterasi iliyo kwenye chembe nyekundu za damu hutokana na jeni ile ile inayoitengeneza ubongoni, na hupimwa kwa tone la damu la ncha ya kidole, kwa kifaa kinachobebeka mkononi. Kipimo hicho hakionyeshi visiwa vya striatamu, lakini sumu inapokikaba kimeng'enya cha neva, cha kwenye damu nacho huanguka, na mtu akaambiwa aweke bomba chini kabla hajaugua.

Wala Tanzania si mgeni wa kupima kilindi cha ubongo kwa kutembea. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu zaidi ya 160,000 wakitafuta ugonjwa wa Parkinson, ambao chanzo chake ni kufa kwa seli zinazopeleka dopamini kwenye striatamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Waliishi na mikono inayotetemeka na miguu inayokataa kuanza hatua. Hiyo nayo ni ramani ya ubongo, na ilichorwa kwa miguu, kwa maswali na kwa subira, kama alivyoijua nchi Snay bin Amir.

Tabora ina kila anayehitajika. Ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ina TORITA inayotafiti tumbaku yenyewe, ina vyama vya msingi vyenye orodha ya kila mkulima na ukubwa wa shamba lake, na ina zahanati vijijini. Kiwango cha kimeng'enya hiki hutofautiana kati ya mtu na mtu hata wakiwa wazima, kwa hiyo kipimo kimoja cha katikati ya msimu hakisemi mengi. Damu ya kwanza lazima ichukuliwe mkulima akiwa hajagusa dawa yoyote, ndipo ya pili na ya tatu zilinganishwe nayo. Vitalu vya tumbaku huanza kusiwa Julai. Wapimaji wafike vijijini mwezi wa sita.